Alisema "Nakuja"

Tangu nirudi, kila nikipita Joubert Park hapa Johannesburg hakosekani mtu wa kunishika mkono na kuniuliza kulikuwaje huko kwenye barafu. Nimeonyesha picha. Nimejibu maswali mepesi: ndiyo, wakati ule jua halizami sawasawa, hapana, hakuna dubu, dubu weupe wako upande wa pili wa dunia, ndiyo, pengwini wananuka, tena sana. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mmoja wenu alinitambulisha kwa mgeni akisema, "Huyu ndiye aliyemwokoa yule mama wa Kikenya kule mwisho wa dunia." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu.

Tabasamu hilo limenikaa kooni wiki nzima, na ndiyo sababu naandika. Sikumwokoa mtu. Nusura nimuue. Nitaeleza kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kwa kuwa nikianzia mwisho nitajitetea. Mnanijua nilivyo: ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara sita, na bado naona kasoro.

Kensington

Wengi wenu mnalijua duka la Mzee Omari, pale barabara kuu ya Kensington, kati ya kinyozi na spaza, kile kiduka cha mkate na maziwa. Mzee Omari ni mtu wa Tanga, anatengeneza redio, na alinipa meza karibu na dirisha nitengeneze kamera. Ufundi huo sikufundishwa na mtu. Nilifungua kamera mbovu, nikachora kila skrubu ilikotoka, nikazifunga, nikafungua tena. Hata Kiswahili hiki cha vitabuni nilijifundisha kwa kamusi, baada ya Mzee Omari kukicheka cha kwetu Uvira.

Nyuma ya meza yangu kuna rafu ndefu yenye vitu ambavyo wenyewe waliviacha wasirudi: redio, feni, pasi mbili, simu zisizohesabika. Mzee Omari ameiandika kwa chaki, NAKUJA, kwa sababu hilo ndilo neno la mwisho ambalo kila mmoja wao alisema. Neno lenyewe mnalijua. Mtu akikwambia "nakuja" huku anakutazama, anakuja. Akikwambia "nakuja" huku amekupa mgongo, anaondoka, na kurudi kwake anajua Mungu. Sisi wa Kongo hata Kifaransa tumekiambukiza tabia hiyo: mtu anasema "j'arrive" naye yuko ngazini anashuka.

Mama Nekesa aliingia dukani siku moja ya mvua, mwaka ule uliofuata Kombe la Dunia. Ni Mkenya wa Bungoma, wakati huo alikuwa na miaka sitini na saba, amestaafu kutoka benki moja ya Sandton. Alileta kamera ya marehemu mumewe, imekwama. Niliitengeneza kwa siku mbili. Alipoirudia aliigeuzageuza kwenye mwanga, akatafuta alama ya bisibisi, hakuiona.

"Wewe kijana una ugonjwa," aliniambia. "Na mimi ugonjwa huo nauhitaji."

Akanieleza. Yeye na mumewe walikuwa watu wa kutazama ndege, na walikuwa wamepanga kwenda kusini kabisa, kwenye barafu, kwa meli ndogo. Nilimuuliza kwa nini ndogo. Akasema meli kubwa ni mtaa unaoelea: watu elfu mbili wanapita mbali na kutazama kwa dirishani. Meli ndogo inaingia ghubani, mnashuka wachache, mnakaa chini, mnanyamaza, na ndege anakuja mwenyewe kukutazama wewe. Mumewe alikufa kabla ya safari. Nafasi yake ilibaki. Mikono ya Mama ilikuwa na baridi yabisi, hawezi kubadilisha betri wala lenzi kwenye baridi. Alitaka mtu wa kubeba vyombo na kuhakikisha ile kamera haifi.

Kabla hatujaondoka, binti yake Nekesa, anayeishi London, alinipigia simu. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alisema, "Prosper, mimi sikujui. Naomba kitu kimoja tu. Usimwache mama peke yake."

Nikaahidi. Ahadi hiyo niliiandika kwenye daftari, nikaipigia mstari.

Johannesburg hadi Buenos Aires

Tulipanda treni ya kasi kutoka Sandton, na kwa sababu ya wasiwasi wangu tulifika uwanja wa ndege masaa matano kabla. Mama alinitania kwamba tungeweza kusaidia kufagia. Kisha ndege yenyewe ikachelewa saa tatu, na mimi nikajiona kama nilijua.

Njiani nilikariri Kihispania kutoka kwenye kitabu kidogo. Nilijivuna kimoyomoyo. Tulipofika Buenos Aires, afisa wa ukaguzi alifungua sanduku la Mama akakuta mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, ndani yake unga mweupe kilo mbili. Unga wa ugali. Aliuinua kwa vidole viwili. Mama akanigeukia: "Mwambie hiyo ni dawa yangu, bila hiyo silali."

Nikamtafsiria. Neno kwa neno, kama mtu mwaminifu: unga huu ni dawa ya mama huyu, bila huo hapati usingizi. Afisa akaweka mfuko mezani taratibu, akavaa glavu, akamwita mwenzake. Mwenzake akaita mbwa.

Tulikaa pale saa moja na nusu. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Aliyetuokoa ni mama mmoja mfanyakazi wa ukaguzi, mnene, mwenye miwani shingoni, ambaye aliunusa, akausugua kwa kidole, akasema neno moja, "Polenta," yaani unga wa mahindi wa kwao, akawacheka wenzake. Unga waliuchukua hata hivyo, maana nafaka hairuhusiwi kuingia. Majani ya chai waliyaacha.

Mama hakukasirika. Tulipotoka nje alisema tu, "Siku nyingine tafsiri maana, Prosper. Usitafsiri maneno."

Kumbukeni maneno hayo. Mimi niliyasahau kabla ya wiki mbili kwisha.

Ushuaia

Ndege ya kwenda Ushuaia ilifutwa kwa sababu ya upepo. Tulishinda siku nzima kwenye viti vya chuma, tukila kitu ambacho Mama alikiita sambusa iliyookwa na bwana mmoja muuzaji akakataa kabisa kwamba ni sambusa. Alikuja hadi tulipokaa kutueleza, kwa mikono, namna ya kukunja kingo zake. Mama akamwonyesha kwa karatasi namna ya kukunja sambusa ya pembe tatu. Hawakuwa na lugha moja, lakini walibishana vizuri kwa nusu saa, na mwishowe akatuletea nyingine mbili bila kuombwa.

Ushuaia ni mji mdogo kusini kabisa mwa Argentina, uliobanwa kati ya milima na maji. Meli yetu ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa: abiria arobaini tu. Kiongozi wa waelekezaji alikuwa Lucía, mwanamke wa Kiarjentina mwenye sauti ndogo na uso uliochomwa na upepo. Jambo la kwanza alilofanya ni kutukagua nguo. Huko hairuhusiwi kupeleka hata mbegu ya nyasi. Viatu vyangu nilikuwa nimevisugua kwa mswaki mara tatu, na Lucía alivitazama akaniuliza kama ni vipya. Kwenye mfuko wa koti la Mama alikuta mbegu nne za kishonanguo, zile nyeusi zinazong'ang'ania nguo ukipita kwenye uwanja wowote wa Johannesburg. Mama alicheka. Mimi ndiye niliyeona aibu, kana kwamba nimeziweka mimi. Tangu siku hiyo nikawa namkagua mifuko.

Jambo la pili lilikuwa ubao. Karibu na mlango wa kushukia kulikuwa na ubao wenye ndoano arobaini, na kila ndoano ina kibao cha duara chenye namba ya mtu, upande mmoja mweupe, upande mwingine mwekundu. Ukishuka ufukweni unageuza chako kiwe chekundu. Ukirudi melini unakirudisha cheupe. Hivyo ndivyo meli inavyojua nani yuko wapi. Mama alikuwa namba kumi na nne, mimi kumi na tano. Lucía alisema kila mtu anageuza chake mwenyewe, na hakuna anayegusa cha mwenzake, hata cha mke wake.

Hilo nalo niliandika kwenye daftari. Nalo nikalipigia mstari.

Bahari ya Drake

Siku mbili za kuvuka sina mengi ya kusema, kwa sababu nilikuwa sakafuni. Meli ilipanda na kushuka kama pumzi ya mnyama mkubwa. Mama, ambaye nilitumwa kumtunza, ndiye aliyeniletea biskuti na kunifuta uso. Yeye hakuumwa hata kidogo. Alikuwa amekwishafanya urafiki na Rodel, mhudumu wa Kifilipino, na kumfundisha kupika chai ya kwetu: maji na maziwa pamoja, majani ndani, tangawizi, ichemke hadi ipande. Kila siku saa kumi na moja jioni Rodel alimwekea chupa yake pembeni. Alianza kumwita Mama, kama mimi, na meli nzima ikafuata.

Siku ya pili jioni alinikokota hadi nje. Ndege mmoja alikuwa anaifuata meli, mbawa zake ndefu kuliko mtu, hapigi hata pigo moja, anaegemea upepo tu. Albatrosi. Mama alimtazama bila kuinua darubini.

"Huyu, mzee wangu alimtaka sana," alisema, akimaanisha mumewe. Nikamfungia kitufe cha juu cha koti.

Kisiwa cha kwanza

Mnaniuliza kuna nini huko cha kumvuta mtu kutoka mbali hivyo. Nitajaribu, ingawa najua nitalisema vibaya.

Tulishuka kwa boti za mpira, watu kumi kumi. Tukasimama kwenye kokoto. Mtu hatakiwi kumkaribia pengwini chini ya hatua tano, lakini pengwini hajapewa sheria hiyo. Nilikaa chini. Baada ya muda mmoja alitoka kwenye kundi, akatembea hadi kwenye buti langu, akalidonoa mara moja, akanitazama kwa jicho la kushoto, kisha la kulia. Hakuniogopa. Sijui kama mnaelewa. Maisha yangu yote mtu au mnyama akiniona kwa mara ya kwanza huwa kuna hesabu fulani anaifanya. Yule hakufanya hesabu yoyote.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nililielewa baadaye. Johannesburg nimeishi miaka tisa. Naweza kutoweka Jumatatu na Mzee Omari akadhani naumwa hadi Alhamisi. Kwenye meli ile tulikuwa wachache kiasi kwamba mtu akikosa kwenye kifungua kinywa watu wanauliza. Nilianza kulala vizuri kwa sababu ya kile kibao chenye namba kumi na tano.

Siku hiyo Mama aliporudi alisahau kugeuza chake. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akapitiliza. Kipaza sauti kikamwita meli nzima isikie: namba kumi na nne, namba kumi na nne. Alitoka chumbani na soksi tu, akapita mbele ya watu wote, akakigeuza. Hakuna aliyemcheka. Lakini niliuona uso wake. Mwanamke aliyeendesha idara nzima ya benki, ameitwa kama mtoto wa shule.

Ningeweza kumkumbusha. Hilo ndilo lililokuwa sahihi. Lakini kwetu mtoto hamwambii mzazi "umesahau". Unamalizia lile alilosahau na unanyamaza. Akiacha viatu mlangoni unaviingiza ndani, hutangazi. Kwa hiyo kuanzia kesho yake, kila tulipopita penye ubao, mimi nilikuwa nyuma yake, na mkono wangu ukigeuza kumi na tano uligeuza na kumi na nne. Kama aliona, hakusema. Nilijiona nimefanya jambo zuri. Nilijiona nimemtunzia heshima.

Ufuko mwembamba

Siku ya tisa tangu meli iondoke Ushuaia tulishuka kwenye ufuko mwembamba chini ya ukuta wa miamba. Asubuhi ilikuwa shwari. Alasiri upepo uligeuka na vipande vya barafu vikaanza kuingia ghubani, na Lucía akatuita turudi mapema, boti baada ya boti.

Wakati nawasaidia wengine kupanda, wimbi dogo lilirukia mwamba na kuilowesha kamera. Maji ya chumvi. Wenye kazi hii mnajua: chumvi ikikauka ndani, kamera imekwisha. Nilikuwa na dakika chache za kuifikisha kwenye maji safi na kitambaa. Sikuwaza kitu kingine. Ilikuwa kamera ya marehemu, na mimi ndiye mtu asiyeacha alama ya bisibisi.

Mama alikuwa hatua kama arobaini juu, karibu na mwamba, na fimbo yake. Nikamwita, "Mama, tunaenda!"

Alinigeukia. Akainua fimbo. Kisha akatazama juu kwenye miamba, akanipa mgongo, na akasema, "Nakuja."

Lucía alikuwa ndani ya maji hadi mapajani, ameishikilia boti. Akaniuliza mama amesema nini.

Nikatafsiri. Nikasema: anakuja.

Nilimwona amenipa mgongo. Nina rafu nzima ya vitu vya watu walioniambia neno hilo wakiwa wamenipa mgongo. Hakuna binadamu kwenye kisiwa kile aliyejua maana yake kuliko mimi. Lakini maana ile nyingine ndiyo iliyonifaa, kwa sababu nilikuwa na haraka. Lucía akaitikia kwa kichwa. Ilibaki boti moja, ya waelekezaji wawili na yeyote wa mwisho. Tukaondoka.

Melini nikaosha buti, nikafika kwenye ubao, nikageuza kumi na tano. Na mkono wangu, kwa mazoea ya siku tano, ukageuza na kumi na nne. Niliuona ukifanya hivyo. Nikajisemea: si anakuja.

Ubao wote ukawa mweupe. Afisa wa mlangoni akautazama, akawaambia kwa redio waliobaki ufukweni kwamba abiria wote wamo. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Wale wawili wakakusanya bendera zao za alama, wakaja. Mama alikuwa nyuma ya mwamba.

Meli

Nilikaa chumbani nusu saa na ile kamera. Nataka mjue kwamba niliisafisha vizuri. Nilisikia nanga ikipanda, nikasikia injini. Nilipomaliza nilifurahi.

Kwenye ukumbi Rodel alikuwa amesimama na chupa ya chai. Ilikuwa imepita saa kumi na moja. Aliniuliza Mama yuko wapi. Nikasema labda amelala. Akasema amegonga mlango. Akaenda kumwambia Lucía, na Lucía akaenda kuutazama ubao, na ubao ukasema Mama yumo ndani ya meli.

Kwa hiyo walimtafuta ndani ya meli. Kipaza sauti kilimwita mara tatu. Abiria waliacha vikombe vyao, wakaanza kufungua milango: vyumba, bafu, maktaba, stoo ya maboya. Walihofia ameanguka mahali. Na meli ilikuwa inaendelea kwenda, kwa sababu ubao ulisema yumo.

Mimi nilijua. Tangu Rodel aliposema amegonga mlango, nilijua. Na nilifanya nini? Nilitafuta. Nilifungua milango pamoja na wengine, nikaita "Mama!" kwenye vyumba ambavyo nilijua hayumo. Nilifungua hata kabati la mataulo. Nilikuwa najiambia huenda alirudi kwa boti ya mwisho, huenda sikumwona, huenda. Lakini chini ya hayo yote kulikuwa na sauti moja tu, nayo ilisema: watajua ni mimi. Watajua nilikosea. Si kwamba atakufa. Kwamba watajua.

Dakika kumi. Sikuangalia saa, lakini nimezipitia mara nyingi, na ni kumi.

Nilirudi ukumbini. Rodel alikuwa bado pale pale na chupa, ameikumbatia kifuani isipoe. Akaniambia kwamba Mama alimwachia maagizo kabla ya kushuka. Kisha akayasema akiigiza sauti ya Mama, kwa lafudhi yake ya Kifilipino, kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza kwake: "Weka chai moto, nakuja."

Nikaenda kwa Lucía. Nikasema, "Namba yake niligeuza mimi. Yuko ufukweni."

Alinitazama kidogo tu, kisha akakimbia.

Ufukweni tena

Meli ikageuka. Barafu ilikuwa imeongezeka, ikabidi twende polepole, na kila kipande kilichogonga ubavuni nilikisikia kwenye meno. Abiria wote walisimama nje kwenye theluji. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Lucía alipokuwa anaingia kwenye boti alinionyesha kwa kidole. Alisema nije, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua lugha yake. Mtu aliyepoa sana husahau lugha za kazini, hubaki na ya nyumbani.

Ukuta wa miamba haukuonekana. Theluji ilikuwa inakwenda kwa ubavu. Niliita "Mama!" na pengwini mamia wakanijibu wote kwa pamoja, kelele kama punda. Nikaita tena. Nikaita kwa Kiswahili cha Uvira, kile nilichojifunza kukionea haya: "Mama, uko wapi? Tumekuya! Mama!"

Sauti ikatoka upande wa kushoto, ndogo, nzito kama ya mlevi. "Niko hapa. Si nilisema nakuja?"

Alikuwa ameketi nyuma ya mwamba, mgongo kwa upepo, mikono ndani ya kwapa, kofia imejaa theluji. Pengwini watatu walikuwa wamejikunyata karibu naye kama majirani. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Lucía alimvua glavu zilizolowa, akamfunga blanketi, tukambeba. Kwenye boti nilimshika miguu. Aliponitambua aliuliza kitu ambacho sikukisikia, nikainama.

"Kamera imepona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kurudi

Daktari wa meli alimpasha joto taratibu, na siku ya pili aliketi kitandani akinywa chai ya Rodel. Alinieleza kwamba aliona ndege mweupe mwili mzima akiingia kwenye miamba, yule ambaye mumewe alikuwa amemzungushia duara kwenye kitabu chake cha ndege. Alikwenda nyuma ya mwamba kumtazama. Alimwona. Alidhani amekaa dakika tatu.

Nikamwambia nilivyolitafsiri neno lake, kisha habari ya ubao. Akasema alikuwa anajua. Aliniona tangu siku ya kwanza akaniachia, kwa sababu ilimpendeza. "Hilo ni letu wawili," alisema. "Wacha."

Ningeweza kuishia hapo. Nilimwambia na zile dakika kumi.

Alikiweka kikombe chini. Nje kulikuwa na barafu kubwa ya bluu inapita.

"Ubao ulikuwa heshima," alisema. "Neno lilikuwa haraka. Hayo nayajua, hata mimi ninayo. Hizo kumi ni zako. Usiniambie pole. Kaa nazo kwanza." Kisha akaongeza, "Na Nekesa utamwambia wewe."

Nilimpigia kutoka Ushuaia. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akakata simu.

Njia nzima ya kurudi Mama hakuninunia. Alinipa nusu ya mkate wake, aliniomba nimfungie kitufe. Lakini hakunitania tena, na pale uwanja wa ndege wa Johannesburg alichukua kamera kutoka begani mwangu, akaibeba mwenyewe.

Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilitengeneza kamera za watu. Kila mlango wa duka ulipofunguka niliinua kichwa. Mzee Omari alikuwa akinitazama.

Jumanne iliyopita, siku mbili baada ya yale makofi ya kanisani, aliingia. Alikuwa na fimbo na ile kamera. Alimwamkia Mzee Omari, akaja kwenye meza yangu, akaiweka mbele yangu. Alisema kitufe kimoja kinagoma, huenda ni chumvi.

"Naitazama sasa, Mama," nilisema.

Aliitazama rafu nyuma yangu, akasoma chaki ya Mzee Omari. Nadhani alitabasamu, sina hakika. Akasema amesahau maziwa ya chai, anavuka kuyanunua hapo ng'ambo. Akanipa mgongo.

"Nakuja," alisema.

Niliweka bisibisi chini. Nikatoka, nikasimama mlangoni. Nilimwona akingoja kwenye robot, zile taa za barabarani, akavuka, akaingia dukani ng'ambo. Mteja mmoja nyuma yangu aliniuliza kama nahudumia, nikamwomba angoje. Magari yalipita. Taa ikabadilika, ikabadilika tena. Sikuondoka mlangoni mpaka alipotokea na pakiti ya maziwa, akavuka kurudi upande wetu, akaingia ndani, nami nikaingia nyuma yake.